Uvimbe uko kwenye mrija, kwa nini figo itolewe?

Daktari, shikamoo.

Naomba msaada wako kwa sababu nyumbani kwetu hatuelewani tena. Baba yangu ana miaka 67, ana kisukari cha muda mrefu, na amevuta sigara tangu ujana mpaka alipoacha miaka michache iliyopita. Alianza kukojoa damu. Haikumuuma. Ilikuja ikapotea, na yeye akanyamaza nayo. Iliporudi ndipo mama alipoiona chooni. Tulianza na dawa za U.T.I., kisha tukaambiwa huenda ni mawe. Ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa maji. Siti skani ndiyo iliyosema ukweli: kuna uvimbe ndani ya mrija unaotoka kwenye figo hiyo, sehemu ya chini kabisa, karibu na kibofu. Ukubwa wake ni sentimita 1.8. Wakaingiza kamera kupitia njia ya mkojo, wakakata kinyama kikaenda maabara. Majibu: saratani, daraja la juu, yaani ile kali. Tezi za limfu hazijavimba, mapafu safi, ini safi.

Daktari wa kwanza alisema itolewe figo ya kushoto, mrija wote na kipande cha kibofu. Baba akamuuliza, "Figo ina saratani?" Akajibiwa hapana. Akauliza tena, "Sasa mnaitoa kwa kosa gani?" Hakuridhika na jibu, tukaenda kwa daktari wa pili. Huyu anasema anaweza kukata sehemu ya chini ya mrija tu, aunganishe iliyobaki na kibofu, figo ibaki. Ila akaongeza kwamba huenda akishafungua akabadili mpango, na neno hilo limemtia baba hofu. Kreatinini yake, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, ni 128 na karatasi inasema uwezo wa figo ni 53.

Mdogo wangu naye amesoma kwamba siku hizi uvimbe wa chini ya sentimita mbili unachomwa kwa leza, mtu anarudi nyumbani, na anaona madaktari wote wawili wanapenda tu kisu. Baba mdogo anasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa, akitoa mfano wa shangazi yetu aliyepasuliwa saratani ya utumbo mpana kabla hajafika miaka 50 na hakumaliza mwaka. Baba mdogo huyohuyo ameleta unga wa mizizi. Baba anaunywa kila asubuhi na anadhani sijui.

Nani kati ya madaktari hawa yuko sahihi? Leza haitoshi? Mtu wa kisukari anaweza kuishi na figo moja? Na tuna muda gani wa kufikiri? Mimi ndiye ninayeulizwa na kila mtu, na nimechoka kujibu nisichokijua.

Binti wa Kwanza

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo huo. Swali la baba yako, "mnaitoa kwa kosa gani?", si ubishi wa mzee. Alistahili kujibiwa siku ileile, na akijibiwa vizuri, maswali yako mengine yanapungua uzito. Naanza nalo.

Mrija huo tunauita ureta. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na kazi yake ni kushusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Ndani umevikwa utando mwembamba. Utando huo haukuanzia kwenye mrija wala haukomei hapo. Unaanzia kwenye mfuko ulio ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika, unashuka na ureta, kisha unatandaa kibofu chote, kama bitana ya koti iliyokatwa kwenye kitambaa kimoja. Saratani ya baba yako imetoka kwenye seli za utando huo. Ndiyo maana madaktari wanaiweka ukoo mmoja na saratani ya kibofu, na si na ile ambayo watu huiita saratani ya figo, inayotoka kwenye nyama ya figo yenyewe.

Sasa fikiria sigara. Sumu zake zinaingia kwenye damu, figo inazichuja, zinatoka na mkojo, na mkojo huo umeuosha utando wote, juu mpaka chini, miaka nenda miaka rudi. Mahali pamoja pakiharibika, daktari ana haki ya kushuku na jirani zake. Tena seli za uvimbe hubanduka, zikashuka na mkojo na kuota chini. Kwa hiyo upasuaji uliozoeleka kwa saratani hii, hasa ya daraja la juu, ni kutoa mfumo mzima wa upande huo: figo, ureta yote, na duara dogo la ukuta wa kibofu pale ureta inapoingilia. Duara hilo halitolewi kwa ziada. Ukiacha kisiki cha mrija kibofuni, saratani hupenda kurudi hapohapo. Na figo inaondoka kwa sababu mfuko wake una utando uleule, na kwa sababu mrija wake ukishatolewa wote haina tena pa kumwaga mkojo. Kwa hiyo figo haina kosa lolote. Inaondoka kwa ajili ya jirani yake.

Hiyo ndiyo hoja ya daktari wa kwanza, na ni nzito. Hakukosea.

Lakini uvimbe wa baba yako umekaa chini, karibu na kibofu, na hapo ndipo daktari wa pili anapopata nafasi. Kwanza, seli zinasafiri na mkojo kwenda chini kuliko zinavyopanda juu, hivyo ukikata theluthi ya chini ya ureta pamoja na duara la kibofu, umeondoa uvimbe na sehemu kubwa ya njia iliyopitiwa na seli zake. Pili, sehemu ya chini ndiyo pekee ambayo ni rahisi kuiunganisha tena na kibofu. Miongozo ya Jumuiya ya Ulaya ya Madaktari wa Mfumo wa Mkojo inaruhusu njia hii hata kwa uvimbe wa hatari kubwa, mradi uko sehemu ya chini peke yake na mgonjwa amechaguliwa vizuri. Waliofanyiwa hivyo wamekuwa wakiishi muda unaokaribiana na wa wale waliotolewa figo. Hapo muwe na tahadhari kidogo: katika hesabu hizo, walioachiwa figo mara nyingi ni wale waliokuwa na uvimbe mdogo tangu mwanzo.

Uvimbe ungekuwa katikati ya mrija au juu, na daraja lake ni hilo hilo la juu, ningekuambia bila kusita msikilizeni daktari wa kwanza.

Nikueleze kinachofanyika mezani, maana naona neno "kuunganisha" mmelimeza bila kulitafuna. Daktari anaitafuta ureta tumboni, na jambo la kwanza analofanya ni kuibana kwa kibanio chini ya uvimbe, ili mkojo wenye seli usiendelee kushuka wakati anashika shika. Kisha anaukata mrija juu ya uvimbe, akiacha nafasi ya kutosha, na anapeleka ncha ya juu maabara papo hapo, baba akiwa bado amelala. Mtaalamu wa maabara anaigandisha, anaikata nyembamba, anaitazama kwa hadubini na kurudisha jibu: ncha ni safi, au bado ina saratani. Ikiwa safi, kazi inaendelea. Ikiwa na saratani, anakata tena juu zaidi. Ikizidi kuonyesha saratani, figo inaondoka. Hilo ndilo "kubadili mpango" lililomtisha baba. Mwambieni kwamba daktari anayesema hivyo kabla ya upasuaji ndiye wa kumwamini. Wa kuogopwa ni anayeahidi figo itabaki vyovyote iwavyo.

Mrija uliokatwa unakuwa mfupi, haufiki kibofuni. Basi kibofu ndicho kinachopandishwa kuufuata: kinalegezwa, kinavutwa upande wa kushoto na kushonewa kwenye msuli mkubwa unaopita pembeni mwa uti wa mgongo, kisha mrija unapenyezwa kwenye ukuta wake. Pengo likiwa kubwa zaidi, daktari anakata ulimi wa nyama kwenye kibofu chenyewe, anaukunja kuwa bomba, na bomba hilo linapanda kuukuta mrija. Ndani wanaweka stenti, yaani mpira mwembamba unaoanzia kwenye figo na kuishia kibofuni, ili mshono upone bila kubanwa. Stenti inakera. Baba atahisi kukojoa kila wakati, na pengine atasikia maumivu ubavuni wakati anakojoa. Msikimbilie kusema saratani imerudi. Ikishatolewa, wiki kadhaa baadaye, kero hiyo huisha. Atakaa pia na mpira wa mkojo mpaka kibofu kipone, kwa kawaida kama wiki moja hadi mbili. Mpira huo unawekwa kwa njia zote mbili za upasuaji, maana kote kibofu kimekatwa.

Jambo moja wengi hawaliulizi, nanyi liulizeni: je, tezi za limfu za eneo hilo zitatolewa? Kwa saratani ya daraja la juu zinapaswa kutolewa, hata kama siti skani inasema hazijavimba, kwa sababu tezi yenye chembe chache za saratani haivimbi. Anayebakisha figo asitumie hilo kama kisingizio cha kuacha tezi.

Sasa namba za figo, maana uamuzi wenu unaegemea hapo kuliko mnavyodhani. Uwezo wa 53 kwa mzee wa miaka 67 mwenye kisukari si mbaya sana, lakini hana akiba ya kuchezea. Tatizo ni kwamba 53 ni jumla ya figo mbili, na karatasi haisemi nani anafanya kazi kiasi gani. Figo ya kushoto imejaa maji kwa sababu mkojo unazuiwa chini, na figo iliyozuiwa muda mrefu hudhoofu. Kuna skani ambayo mgonjwa huchomwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, kisha mashine inaonyesha kila figo inachangia asilimia ngapi. Iombeni. Ikionekana ya kushoto inachangia asilimia 40, kuiokoa ni jambo la maana sana. Ikionekana inachangia asilimia 10, mnapigania kitu ambacho tayari kimeshaondoka, na upasuaji wa kutoa kila kitu unakuwa mwepesi kuukubali. Naona familia nyingi zinagombana kuhusu figo ambayo hakuna aliyeipima.

Kuishi na figo moja kunawezekana, hata kwa mtu wa kisukari, ila hiyo moja lazima ilindwe: sukari na presha zidhibitiwe, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziwe mwiko. Hayo yaanze leo, bila kungoja upasuaji.

Figo zina faida nyingine ambayo mdogo wako na baba mdogo hawakuitaja, nayo ni tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Baada ya upasuaji, uvimbe uliotolewa unapasuliwa maabara na kuonekana umezama kiasi gani kwenye ukuta wa mrija. Ukiwa umefika kwenye msuli au kupita, au tezi zikiwa na saratani, upasuaji peke yake hautoshi. Utafiti wa Uingereza uitwao POUT, uliochapishwa mwaka 2020, uliwalinganisha waliopewa tibakemikali ndani ya siku 90 baada ya upasuaji na waliofuatiliwa tu bila dawa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 71 ya waliopewa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 46 ya wasiopewa. Dawa yenye nguvu kwenye mchanganyiko huo ni sisplatini, nayo inataka figo imara. Madaktari wengi hawaitoi uwezo ukiwa chini ya 50 au 60. Baba yuko 53, amesimama mpakani. Figo ikitolewa anaweza kuanguka upande wa pili na kubaki na dawa mbadala isiyo na nguvu sawa. Kwa sababu hiyo, kuna madaktari wanaoanza na tibakemikali kabla ya kupasua, figo zote mbili zikiwepo. Kabla hamjakubali tarehe ya upasuaji wowote, baba aonwe pia na daktari wa saratani. Yeye na daktari wa upasuaji wazungumze wao kwa wao, si kupitia kwako.

Leza. Mdogo wako amesoma vizuri, ila amesoma nusu. Kuchoma kwa leza kupitia kamera ni tiba halali, na kwa watu fulani ndiyo bora: uvimbe mmoja, mdogo kuliko sentimita 2, wa daraja la chini kwenye kinyama na kwenye seli za mkojo, na siti skani isionyeshe dalili ya kuzama. Uvimbe wa baba ni mmoja na ni wa sentimita 1.8, sawa. Lakini daraja lake ni la juu, na hapo mlango unafungwa. Ukuta wa ureta ni mwembamba sana, na kinyama kinachokatwa kwa kamera ni kidogo mno kusema kwa uhakika ugonjwa umezama kiasi gani. Leza inachoma unachokiona. Haikuachii kitu cha kupima wala haigusi tezi. Na hata kwa anayestahili, si jambo la mara moja akarudi nyumbani, kwani kamera hurudishwa ndani ya miezi miwili kutazama kama kuna masalia, kisha tena na tena kwa miaka. Kwa daraja la juu, leza inabaki kwa mtu mwenye figo moja tu au aliye dhaifu kiasi cha kutoweza kupasuliwa. Baba yako si mmoja wao.

Kuhusu kupasua kwa matundu madogo, kwa roboti au kwa kufungua tumbo, sitawachosha. Njia zote zinafanya kazi ileile ndani. Uvimbe unaoonekana umepenya nje ya mrija mara nyingi ni salama zaidi kufunguliwa wazi, na kwa mingine chagueni mkono uliozoea kazi hii kuliko mashine yenye sifa.

Baba mdogo na chuma chake. Kisu hakiifanyi saratani iamke. Shangazi yenu alifariki kwa saratani ambayo kwa kila dalili ilikuwa imeshasambaa kabla hajalala mezani, na kwa bahati mbaya watu wengi hupasuliwa wakiwa wamechelewa, kisha kisu kikabebeshwa lawama. Hata hivyo simfungii mlango kabisa. Kwenye saratani hii hasa, seli zinaweza kumwagika mrija ukifunguliwa ovyo, na hata ile kamera ya kukata kinyama huongeza uwezekano wa uvimbe kuota kibofuni baadaye. Ndiyo sababu ya kile kibanio, na ndiyo sababu uvimbe unatolewa ukiwa umefungwa ndani ya mfuko bila kukatwakatwa. Baada ya figo na mrija kutolewa, kuna pia desturi ya kumwagia kibofuni, kupitia mpira wa mkojo, dozi moja ya dawa kama mitomaisini, ikae kwa saa moja au mbili kisha itolewe. Inapunguza uwezekano wa saratani kuota kibofuni. Mkumbusheni daktari, maana husahaulika. Haitolewi kama kibofu bado kinavuja, na ndivyo inavyopaswa.

Umeniuliza nani yuko sahihi. Wote wawili wako ndani ya sheria za kazi yao. Ukinilazimisha kuchagua, nakwenda na daktari wa pili, kwa masharti: skani ionyeshe figo ya kushoto bado ina kazi ya maana, sehemu ya juu ya mrija na mfuko wa figo viwe vimetazamwa na kuonekana safi, kibofu pia, ncha ipimwe papo hapo, tezi zitolewe.

Sharti la mwisho ni la baba mwenyewe, na ndilo linalonitia shaka. Kubakisha figo maana yake ni kubakisha utando wake, na utando huo utachunguzwa maisha yake yote. Kamera kibofuni miezi mitatu baada ya upasuaji, kisha mara kwa mara. Siti skani kama kila miezi sita miaka ya mwanzo. Na mara nyingine kamera ipande hadi juu kwenye ureta iliyobaki. Hata akitolewa figo hataepuka kamera ya kibofu, kwa kuwa kati ya asilimia 22 na 47 ya wagonjwa wa saratani hii hupata uvimbe kibofuni baadaye, na mwingi hutibika ukiwahiwa. Lakini akibaki na figo, uchunguzi unakuwa mwingi zaidi na kukosa miadi kunakuwa na gharama kubwa zaidi. Umeniandikia kwamba alikojoa damu akanyamaza, na kwamba anakunywa unga asubuhi akidhani hujui. Mzee mwenye tabia hiyo, namheshimu, lakini ningetaka kusikia kwa kinywa chake kwamba atakuja kila akiitwa. Akisema hawezi, nahama, naenda kwa daktari wa kwanza. Muulizeni hivyo, waziwazi, mama akiwepo. Mama ndiye aliyeiona damu.

Muda: hukuniambia majibu ya kinyama yalitoka lini. Hesabuni kuanzia siku hiyo na msivuke miezi mitatu, maana waliochelewa zaidi ya hapo wamekuwa na matokeo mabaya zaidi. Tibakemikali ikianza kwanza, hesabu inabadilika, na daktari wa saratani atawapangia. Wiki mbili za kupata skani ya figo na kuonana na huyo daktari hazitamdhuru. Miezi ya kuzunguka kutafuta daktari wa tatu na wa nne itamdhuru. Homa ikija pamoja na maumivu ya ubavu, hiyo ni figo iliyojaa maji ikipata maambukizi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Unga usimame leo. Ungeniandikia jina la mti ningekuwa na la kusema zaidi, lakini usiojulikana ndio wa kuogopwa zaidi. Kuna jamii ya mimea iitwayo Aristolochia yenye asidi inayoharibu figo polepole na kusababisha saratani hii hii ya utando wa njia ya mkojo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliripoti wanawake vijana walioharibika figo baada ya kutumia mitishamba ya kupunguza unene. Baadaye baadhi yao wakapatikana na saratani ya ureta na ya mfuko wa figo. Katika vijiji vya Balkani, kando ya mito inayoingia Danube, watu waliugua hivyohivyo vizazi na vizazi, mpaka ikajulikana kwamba mbegu za mmea huo zilikuwa zikisagwa pamoja na ngano. Sisemi baba mdogo ameleta mmea huo. Nasema usimkaripie baba; mwonyeshe namba 53 na umwambie daktari wa dawa ya usingizi lazima ajue kila anachokunywa.

Nimebakiza shangazi. Wewe umemtaja kama mfano wa kisu. Mimi nimemsoma vingine. Mwanamke mwenye saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 50, na kaka yake ana saratani ya ureta: jozi hiyo hutufanya tufikirie ugonjwa wa Lynch, hitilafu ya kurithi kwenye vinasaba vinavyorekebisha makosa ya seli. Wenye hitilafu hiyo hupata saratani za utumbo mpana, za mfuko wa uzazi, na za ureta. Sigara inatosha kueleza ugonjwa wa baba peke yake, lakini sitaki tuishie hapo. Ombeni maabara wapime, kwenye kinyama kilekile walichonacho, protini zinazofanya kazi hiyo ya kurekebisha. Hakuna haja ya kumkata tena. Zikikosekana, kipimo cha damu kitathibitisha, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa ameirithi. Wewe na mdogo wako mtaanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera mapema.

Jibu hilo lipatikane kabla ya upasuaji. Mwenye Lynch anaweza kupata saratani kwenye ureta ya upande wa pili, na hapo kuitunza figo ya kushoto kunapata uzito mwingine kabisa. Watoto wa shangazi nao waambieni. Na wao inawahusu.